Gunia la mavuno lisubiri Januari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji niseme jambo la mazao tunayotoa kanisani, ambalo linanikaa rohoni muda sasa, na nimeona niliseme wakati huu mahindi bado yapo kwenye vichanja huko vijijini yanakauka, maana tukisubiri mpaka Januari tutakuwa tumeshachelewa kama kila mwaka tunavyochelewa. Mimi ni muumini wa kawaida tu, mama wa hapa Dodoma mjini, shamba langu lipo upande wa Mvumi na kanisani kwetu kila mwaka tunafanya sikukuu ya mavuno. Nawaambia Wakristo wenzangu wote, Waanglikana, Wakatoliki, Walutheri, walokole, kwa sababu kwenye hili wote tunafanana.

Sikukuu ya mavuno wote mnaijua. Kuanzia mwezi wa sita, wa saba, wengine mpaka wa nane, watu wanakuja kanisani na kile walichojaliwa, huyu ana debe la mtama, huyu uwele, huyu karanga kwenye beseni, mwingine kuku kamfunga miguu na kitambaa, mwingine kaburuta mbuzi kutoka nyumbani, kwaya zinaimba, vitu vinapangwa pale mbele mpaka mtu unafurahi kumwona Mungu alivyotutendea. Ibada ikiisha mnada unaanza. Mzee mmoja mwenye sauti anasimama, kuku huyu elfu kumi, elfu kumi na tano, nani anaongeza, na watu wanaongeza kweli, kuku wa elfu kumi na tano anaenda mpaka elfu hamsini, na anayenunua anajua kabisa kwamba hapo hanunui kuku, anatoa sadaka. Hela inaenda kwenye mabati, saruji, nyumba ya mchungaji, viti vya plastiki. Sina neno na mabati, tunasali chini yake na mvua ikinyesha tunashukuru.

Ila najiuliza gunia lenyewe linaenda wapi. Linaenda nyumbani kwa aliyeshinda mnada, na mara nyingi ni mtu ambaye kwake chakula kipo tayari, mfanyabiashara au mfanyakazi mwenye mshahara wake. Yule mjane aliyekuja na kopo lake la mtama, akalitoa kwa furaha, anarudi kwake, na ikifika Januari ndani hamna kitu. Sasa ndo unasikia tangazo ibadani, wapendwa tuna ndugu zetu wana hali ngumu, tuchangie chochote, tunachanga, tunaenda kununua mahindi sokoni kwa bei ya Januari ambayo haifanani hata kidogo na ya Julai, tunapata magunia machache, tunagawa vikilo vitatu vitatu, tunapiga picha, tunaondoka. Mahindi yalikuwepo kanisani mwezi wa saba, mikononi mwetu, yamewekwa wakfu kabisa na maombi juu, tukayauza bei ikiwa chini.

Naomba mnivumilie nieleze hii Januari, maana kuna watu wengi wamehamia Dodoma tangu serikali ianze kuhamia huku 2016, tunasali nao, ni ndugu wema, ila hawajui njaa ya Ugogo, huku kwetu Dodoma, inavyofanya kazi na mimi naona ukishaielewa huwezi tena kutoa vile unavyotoa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Desemba, au mwishoni mwa Novemba kukiwa na neema, zinakata Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Una nafasi moja ya kulima. Ukikosea au mvua ikikukosea, mpaka mwaka kesho. Chakula cha mwaka jana kinaisha kuanzia Desemba mpaka Februari, na hiyo ndo miezi ya kupanda na kupalilia, miezi mtu anayohitaji nguvu kuliko yote. Kwa hiyo njaa inamkuta mtu akiwa na jembe mkononi.

Hapo asiye na akiba anafanya nini? Anaenda kibarua. Anapalilia shamba la mwenzie apewe mahindi kidogo au shilingi elfu chache aende kuhemea. Huku shamba lake linabaki na magugu. Mwaka jana mwezi wa kwanza nilipita kwa jirani yangu wa shambani, binti mdogo tu, mume alifariki akamwachia watoto watatu, nikamkuta anatoka na jembe lake limelika mpaka limebaki nusu, anaelekea shamba la mtu ng'ambo ya korongo, na mtama wake pale nyuma ya nyumba magugu yamepanda magotini. Akaniamkia, shikamoo mama, nikaitika, nikamuuliza mwanangu mbona unaacha kwako kunakuwa hivi unaenda kulima kwa watu? Akasema, "Mama, nikipalilia kwangu leo, jioni watoto wanakula nini?" Hakusema kwa uchungu, alisema tu kama mtu anayejibu swali lenye jibu moja, akaenda zake.

Na mavuno yake yalikuwa hivyo hivyo, madogo, kwa hiyo Januari iliyofuata alikuwa pale pale. Hii watu wa nje wanaiona wanasema ni uvivu wa Wagogo, naisikia sana hapa mjini na inaniuma, yaani mtu anaamka saa kumi na moja analima mashamba ya watu mpaka jua la saa saba halafu anaitwa mvivu. Sio uvivu, ni kwamba kila mwaka anauza nguvu zake ule wakati ambao yeye mwenyewe anazihitaji.

Sasa chukua gunia moja la yale ya mnada. Gunia ni kama debe sita. Mama na watoto watatu, ukipika kwa kupima, debe moja linaenda kama wiki na nusu, na kuna mlenda, kuna mboga za majani maana mvua imeshanyesha. Gunia moja linamfikisha huyo mama miezi miwili. Miezi miwili hiyo ndo palizi ya kwanza na ya pili ya shamba lake mwenyewe! Hapo hujamlisha tu, umemrudishia mwaka wake. Kile kile chakula ukimletea Pasaka, mtama umeshachanua, palizi imeshapita, atashukuru, atakula, ila shamba limeshakufa. Na ukimletea Krismasi kilo mbili za mchele na soda ya watoto, watoto watafurahi siku ile, mimi siikatai furaha ya watoto, lakini tarehe 26 mama anashika jembe anaenda kibarua.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Kabla mnada haujaanza, kanisa litenge gunia moja katika kila kumi, lisiuzwe, liwekwe stoo mpaka Januari. Moja kwenye kumi tu. Tisa zinunuliwe, mabati yapatikane. Na hili sijalitoa kichwani mwangu, lipo kwenye Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 14 mwishoni pale, Mungu anawaambia Israeli kwamba kila mwisho wa mwaka wa tatu fungu la kumi la mazao lote waliweke ndani ya malango yao, ili Mlawi na mgeni na yatima na mjane waje wale washibe. Liwekwe ndani ya malango, yaani ndani ya miji yao wenyewe, karibu na mwenye njaa, likae linamsubiri. Tunahubiri sana fungu la kumi makanisani, hii mistari miwili ya mwisho wa sura hiyo nimeisikia mara chache mno.

Na kwenye Agano Jipya pia Matendo 11, nabii Agabo anatabiri njaa, na wale wanafunzi wa Antiokia hawakusubiri waone watu wamekonda, kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa akatoa, wakapeleka Uyahudi. Sisi hatuhitaji hata nabii. Januari inakuja kila mwaka, na mvua za kusuasua tumezizoea. Wazee wetu wana majina ya njaa wanayoyahesabia miaka, ile ya Mtunya ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakachukua nafaka na ng'ombe na vijana wakawabebesha mizigo ya vita, Waingereza walipoingia nao wakachukua, halafu mvua ikagoma, watu wakafa sana, bibi zetu walihadithiwa na mama zao. Nchi yenye kumbukumbu kama hiyo haifai kanisa lake liwe halina hata ghala.

Najua wenye makanisa wataniambia, mama, mahindi yataoza, yatabunguliwa. Ni kweli, tena dumuzi akiingia kwenye gunia Agosti, Januari unakuta unga na matundu. Lakini siku hizi kuna mifuko ile ya tabaka tatu wanaita ya kinga njaa, hewa haipiti, ukiyafunga mahindi makavu vizuri wadudu wanakufa wenyewe ndani bila dawa yoyote, na mifuko yake unaitumia tena mwaka kesho ukiitunza isitoboke. Cha muhimu mahindi yawe makavu kwelikweli. Mabwana shamba wanatufundisha kipimo cha chumvi, unachukua chupa kavu, unatia mahindi kidogo na chumvi kavu, unatikisa, unaacha kama robo saa, chumvi ikishika kwenye chupa mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Hili la kukausha sio la kupuuzia hata kidogo, tukumbuke mwaka 2016 mikoa hii ya Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, mahindi yaliyoota ukungu, wakala na watoto wao. Kumpelekea mjane mahindi yenye ukungu kwa sababu ni ya msaada hiyo ni dhambi, naisema hivyo hivyo. Na mtama na uwele vitunzwe pia, visidharauliwe, huku kwetu ndo chakula kinachostahimili.

Na hapo ndo nawaona ndugu zetu wa mjini, wa mitaa ya Kisasa, Ilazo, Mtumba na kwingine, ambao hawana shamba wala gunia la kuleta. Leteni mifuko hiyo. Leteni chaga za mbao za kuinua magunia yasiguse sakafu, leteni gari siku moja la kubeba mzigo kutoka mtaa mpaka mtaa. Fundi alete mlango wa stoo. Hiyo ni mavuno yenu na nyinyi.

Sasa naomba nitoke kidogo shambani, maana hili la wakati halipo kwenye mahindi peke yake.

Mtu akilazwa hospitali yoyote kubwa hapa kwetu, chakula na kufuliwa na mambo mengi ni ndugu yake anahangaika nayo, na wengi wanatoka mbali, Chemba, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, Singida huko. Anayeuguza analala nje kwenye kanga, anaoga kwa kubahatisha, hela inaisha siku ya nne, mgonjwa anakaa wiki tatu. Makanisa yanaenda sana hospitali, ni jambo zuri, tunaenda Pasaka, tunaenda Krismasi, siku moja wanaweza kufika vikundi vitano na vyote vimebeba sabuni za vipande, mafuta ya kujipaka na juisi za boksi. Jumatano inayofuata hamna mtu. Niliwahi kukaa na mama mmoja wa upande wa Bahi pale nje ya uzio, mtoto wake kavunjika paja, wamemning'iniza mguu, tukaongea, nikataka kumpa sabuni nilizokuwa nimebeba, akanishika mkono taratibu akaniambia, "Dada yangu nashukuru, sabuni ninazo nane, ila tangu jana sijatia kitu mdomoni, najibana mtoto ale."

Alikuwa na sabuni nane kwenye mfuko na hajala. Waliompa wote walimpenda, mimi naamini hivyo, walitoa kwa moyo, lakini hakuna aliyemuuliza. Kuuliza hakuna gharama. Mama, umekula? Una nauli ya kurudia? Simu yako ina chaji, nyumbani wanajua mtoto anaendeleaje? Bwana Yesu mwenyewe alimuuliza yule kipofu wa Yeriko, wataka nikufanyie nini, na alikuwa anamwona kabisa kwamba haoni.

Mimi nadhani makanisa yanayozunguka hospitali yangegawana siku tu ingetosha. Kanisa hili Jumatatu, lile Jumanne, sufuria moja la uji asubuhi na ugali na maharage jioni, kwa wauguzaji, wapikiwe kwa utaratibu wa hospitali wenyewe mahali wataporuhusu, isiwe vurugu. Jumuiya moja ikishika siku yake mara moja kwa mwezi haichoki. Na mtu asiulizwe dini. Wengi wanaotoka Kondoa ni Waislamu, ni ndugu zetu, kwenye mfano wa Msamaria yule aliyeangukia wanyang'anyi hakuulizwa anasali wapi, alipakwa mafuta na divai, akapandishwa kwenye mnyama, akalipiwa nyumba ya wageni dinari mbili, na yule Msamaria akasema akirudi atalipa kilichozidi. Hapo pa kurudi huwa tunaparuka tukihubiri. Alipanga kurudi.

Damu nayo hivyo hivyo. Vijana wa makanisa siku za makongamano wanajitolea damu kwa wingi, Mungu awabariki, lakini damu haikai, chembe nyekundu zinatunzwa kama siku 35 hivi halafu zinamwagwa, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zenyewe ni siku tano tu. Kwa hiyo mkitoa wote siku moja mwezi wa nane, mama anayetokwa damu akijifungua mwezi wa kumi na moja haimhusu. Mwanaume mwenye afya anaruhusiwa kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne, awe na miaka 18 mpaka 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kwaya ya watu arobaini wakijigawa kwenye daftari, kila mwezi wachache wanaenda, haikauki. Katibu wa kwaya anaandika tu majina na tarehe, anakumbusha kwenye grupu la WhatsApp. Grupu la kwaya lina meseji mia kwa siku, mbili tatu zikiwa za damu haitaumiza mtu.

Na wazee wetu wa macho. Ugogo huu trakoma imetupofushia bibi wengi sana, kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho kila anapopepesa, na wengine wana mtoto wa jicho tu, ambao ukifanyiwa upasuaji unaona tena. Huduma zipo, hospitali ya Mvumi inafahamika kwa macho miaka mingi. Kinachomkwamisha bibi wa Chamwino ndani ndani huko mara nyingi sio upasuaji, ni nauli na mtu wa kumshika mkono, kwa sababu mjukuu yupo shule na mwanae yuko Dar. Umoja wa vijana hapo wanaweza. Kijana mmoja, siku mbili, bodaboda mpaka barabarani, daladala, kumsubiri, kumrudisha, na kumpeleka tena siku ya kuangaliwa. Nimeona bibi mmoja alivyorudi akaanza kuhesabu kuku wake kwa kuwaonyesha kidole, amekaa mlangoni, huyu wangu, huyu wangu, yule wa jirani, na waliomzunguka wote wakawa wanalia.

Kwa kweli waliotuletea imani huku kwetu walilielewa hili. Tangu wamisionari wafike Mpwapwa miaka ile ya 1870 kanisa la kanda ya kati halijawahi kuwa la mahubiri peke yake. Shule ya wasioona ya Buigiri imeanzishwa na kanisa mwaka 1950, wagonjwa wa ukoma Hombolo walitunzwa wakati hata ndugu zao wamewakimbia, masista wa Mtakatifu Gemma wana hospitali Miyuji, Kijiji cha Matumaini kinalea watoto yatima wenye VVU. Hivyo vyote vinafungua mlango hata Jumanne ya kawaida. Mlango wake hausubiri sikukuu ndo ufunguliwe. Na watu wa Dodoma, hata asiyekanyaga kanisani, ukimtajia Mvumi anaheshimu. Sisi tulioachiwa haya tumebaki na siku za matukio, bango, fulana za rangi moja, mgeni rasmi, na wazee wamepangwa mstari juani kila mmoja kashikishwa sukari apigwe picha. Jamani picha hizi tuziache. Yule bibi ana wajukuu wenye simu, wanamwona kwenye Facebook anapokea kilo ya unga, wanajisikiaje? Bwana amesema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, sasa sisi wanajua mpaka watu wa Ulaya. Najua wafadhili wengine wanadai picha za ushahidi, basi wapigiwe picha ya stoo na daftari.

Nirudi kwenye stoo nimalizie, maana nikiwaeleza watu hili wananikubalia mpaka tunapofika kwenye nani agawe. Hapo ndo penye maneno. Watu wanaogopa, na wana haki ya kuogopa, kwamba magunia yatawafikia shemeji wa mzee wa kanisa. Tatizo hili ni la zamani, kanisa la kwanza kabisa pale Yerusalemu wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye huduma ya kila siku, manung'uniko yakaanza, na mitume hawakusema tusali tu yataisha, walisema chagueni watu saba wenye kushuhudiwa wema, na ukiangalia majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni majina ya Kiyunani, yaani walipewa kazi watu wa upande ule ule uliokuwa unasahaulika. Tufanye hivyo hivyo. Kwenye kamati ya stoo wawepo wajane wawili au watatu, sio wa kupewa, wa kuamua. Wao ndo wanajua nani kweli hana na nani analia tu, wanajua nani anaona aibu kusema. Orodha isisomwe madhabahuni. Mzigo upelekwe nyumbani jioni, kwa mkokoteni au bodaboda, kimya kimya, ukifika unaamkia, mnakaa, mnaongea mambo ya mvua, unaweka gunia ndani, unaondoka. Na asiye Mkristo mwenye njaa kwenye mtaa huo awemo kwenye orodha pia.

Na mlango uwe na kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili wasio ndugu, mmoja wao awe mjane. Daftari liseme yaliingia mangapi, yametoka mangapi, yamebaki mangapi, lisomwe mbele ya ushirika hesabu tu bila majina.

Mwaka huu mavuno sehemu nyingine yamekuwa mazuri na sehemu nyingine mvua imekata mapema, kwa hiyo yapo makanisa yatakayokuwa na cha kutenga na yapo yasiyo nacho, basi yenye nacho yawakumbuke wenzao wa bonde lile lile. Najua pia kuna sharika na parokia huku kanda ya kati ambazo tayari zinatunza nafaka namna hii, nimesikia sikia. Naomba mtu wa huko aandike humu gazetini atuambie wanafanyaje, hasa mambo mawili, mtama wanautunza kwenye nini mpaka Februari usibunguliwe, na kwenye kamati yao wajane waliingiaje, walipigiwa kura au waliteuliwa. Sisi kwetu kikao cha mavuno ni mwisho wa mwezi huu na nitabeba gazeti.

Mama wa ushirika,
Kikuyu, Dodoma.